Nguo, Saa na Maji ya Ng'ambo

Agosti 2008, katika bwawa la Beijing, Mkenya alishika rekodi ya Olimpiki ya kuogelea kwa dakika chache. Jason Dunford, mzaliwa wa Nairobi, aliogelea mita 100 za kipepeo kwa sekunde 51.14 katika raundi ya kwanza, akaipita rekodi aliyoiacha Michael Phelps kule Athens mwaka 2004. Hajakauka maji, Milorad Čavić wa Serbia akaingia na kundi lililofuata na kugusa ukuta kwa 50.76. Fainali yenyewe iliamuliwa kwa sehemu moja ya mia ya sekunde: Phelps 50.58, Čavić 50.59. Dunford alimaliza wa tano, na hadi leo sijui Mkenya mwingine aliyekaribia hapo katika bwawa la Olimpiki.

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa nguo. Mwezi Februari kampuni ya Speedo ilikuwa imetoa vazi liitwalo LZR Racer, lililopimwa kwa msaada wa NASA, wale wa vyombo vya anga. Halikushonwa kwa uzi; maungio yake yaligandishwa kwa mawimbi ya sauti. Lilimbana mwogeleaji akawa mwembamba kuliko umbo lake, na vibandiko vyake vya poliyurethani viliyakataa maji. Kulivaa kulikuwa kazi ya dakika ishirini na zaidi, na mara nyingi kulihitaji mkono wa mtu wa pili. Bei yake ilikuwa dola 550 hivi. Mwaka uliofuata washindani wa Speedo wakajiuliza: kama vibandiko vinasaidia, kwa nini nguo nzima isiwe hivyo? Waogeleaji walipokutana Roma kwa ubingwa wa dunia, Julai 2009, rekodi za dunia 43 zilivunjwa katika siku nane.

Moja ya rekodi hizo ndiyo iliyowakera watu zaidi. Ian Thorpe wa Australia alikuwa ameogelea mita 400 mtindo huru kwa dakika 3 na sekunde 40.08 mwaka 2002, na wajuzi waliona kwamba wakati ule ungekaa sana. Paul Biedermann wa Ujerumani, akiwa ndani ya poliyurethani, akaja na 3:40.07. Siku mbili baadaye akampiga Phelps katika mita 200. Biedermann hakujificha, alisema mwenyewe kwamba nguo ilimsaidia, na kwamba angependa siku moja kumshinda Phelps bila nguo za aina ile. Rekodi yake ya mita 400 ilidumu hadi Aprili 2025, alipoivunja Mjerumani mwenzake, Lukas Märtens, akiwa na suruali fupi ya kitambaa.

Shirikisho la kuogelea duniani, FINA, ambalo sasa linaitwa World Aquatics, lilifunga mlango Januari 1, 2010. Nguo ya bwawani iwe ya kitambaa kinachopenya, unene usizidi milimita 0.8, isimwinue mwogeleaji kama boya. Mwanamume asifunikwe zaidi ya kitovuni hadi magotini. Mwanamke, mabegani hadi magotini, shingo na mikono nje. Kumbuka kifungu hicho cha mwisho, nitakirudia.

Sasa hayo yanamhusu nini mtu wa Likoni, Mombasa? Yanamhusu kwa sababu sheria haikuua biashara. Nguo zinazoruhusiwa leo ni kitambaa, ndiyo, lakini kitambaa kilichotiwa dawa ya kuteremsha maji na kufumwa kibane misuli, na zile za juu bado zinauzwa dola 400 na kuendelea, yaani zaidi ya shilingi 50,000, kabla ya usafiri na ushuru. Na mnunuzi mkubwa si bingwa wa dunia, huyo hupewa bure. Mnunuzi ni mwogeleaji wa ridhaa: mtoto wa shule ambaye mzazi wake anataka medali ya gala ya kuogelea, kijana anayesaka nafasi ya timu ya kaunti, mtu mzima mwenye kazi yake ambaye Jumapili anapenda kujipima na saa.

Sisi Wakenya hatuna usafi wa kumtazama mwingine kwa jicho baya katika jambo hili. Eliud Kipchoge alipokimbia umbali wa marathoni kule Vienna kwa saa 1:59:40, Oktoba 12, 2019, viatu vyake vilikuwa na soli nene yenye kaboni. Ulaya walinung'unika, sisi tulicheza barabarani. World Athletics ilipoweka kikomo cha soli milimita 40, Januari 2020, hapa kwetu ilipita kama habari ya hali ya hewa. Waliokuwa ndani ya viatu walikuwa wetu, basi viatu vilikuwa halali. Majini hatuna wingi huo wa kutupofusha, na ndiyo maana naona suala hili linaweza kufikiriwa kwa akili tulivu zaidi bwawani kuliko barabarani.

Mwogeleaji wa ng'ambo, yaani upande wa bara unaokizunguka kisiwa cha Mombasa, hakufunzwa na bwawa. Wa Likoni alijifunza pwani ya Shelly au kwenye mawe ya Mtongwe, akipiga mbizi watu wazima wanaposubiri kuvuka. Wa Kisauni alianzia Pirates, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, juu ya tyubu ya gari ya kukodi, sikukuu ya Idi au Krismasi, mpaka siku mwenzake alipompindua. Wa Changamwe ana ghuba ya Port Reitz, na maji yanapojaa vijana huingia bila kumwuliza mtu. Wote hao wana nguvu ya bega ambayo mtoto wa bwawani hana. Wote pia huogelea kichwa kikiwa juu, kwa sababu baharini usipotazama mbele utagongwa na ngalawa au wimbi litakujaza pua.

Mlete kijana huyo bwawani. Mabwawa mengi ya Mombasa ni ya hoteli, vilabu na shule za kulipia, kwa hiyo lazima aalikwe, na anapoalikwa ni kwa siku ya mashindano. Mita ishirini na tano za mwanzo anaongoza. Akifika ukutani anasimama, anashika, anavuta pumzi, anageuka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Mtoto wa bwawani amepiga pindu chini ya maji na ameshatoka mita tano mbele. Katika bwawa la mita 25, mbio za mita 100 zina kona tatu kama hiyo, na kila kona mbovu inakula sekunde nzima au zaidi. Hakuna nguo duniani inayorudisha sekunde tatu katika mita mia.

Niliwahi kumsikia baba mmoja, mtu wa Mikindani, akimwuliza mwalimu wa mwanawe kando ya bwawa:

"Kochi, nikimtafutia ile nguo ya kubana, itampunguzia sekunde ngapi?"

"Mzee wangu, hiyo pesa nipe mimi nimkodishie bwawa miezi mitatu. Ajifunze kugeuka."

"Lakini wenzake wanazo."

"Wanazo. Na kugeuka pia wanajua."

Yule baba hakuridhika, na mimi namwelewa. Jibu la kochi ni sahihi kwa mtoto mmoja anayeanza. Halimjibu yule ambaye ameshajua kugeuka, aliyebakiza nusu sekunde, na anayemwona wa njia ya jirani amevaa shilingi 50,000. Hapo ndipo hoja ya kwamba nguo ni upuuzi kwa watu wa ridhaa inapovunjika. Watu husema ridhaa ni kuogelea kwa kupenda, sasa nguo ya nini? Lakini katika nchi kama yetu ridhaa ndiyo mlango pekee. Hatuna ligi ya kulipwa. Nafasi za Kenya za kuogelea katika Olimpiki ya Tokyo na ya Paris zilikuwa zile zinazotengewa nchi ambazo waogeleaji wake hawajafikia viwango: mwanamume mmoja, mwanamke mmoja. Ukiwa Marekani, nusu sekunde inakutoa nafasi ya kumi kwenda ya nane. Hapa nusu sekunde inaweza kuwa tofauti ya kwenda na kubaki. Na kabla ya Olimpiki kuna orodha ya kaunti, orodha ya taifa, barua kwa chuo kikuu cha ng'ambo ya bahari kinachotoa ufadhili. Dunford mwenyewe alisomea Stanford. Karatasi inayotumwa huko ina jina na nyakati, haina safu ya kueleza mtu alivaa nini.

Kwa hiyo ninavyoona mimi, ni huku chini, tena katika nchi maskini, ndiko nguo inakodhulumu zaidi. Kule juu kila mmoja anayo, ikawa kama haipo. Katika gala ya Mombasa wanazo wawili kati ya wanane, na saa inapima akaunti ya benki pamoja na mapigo ya mkono.

Marekani, ambako pesa si tatizo kubwa hivyo, waliliona hili kwa watoto. Tangu Septemba 2020 chama cha kuogelea cha nchi hiyo kimepiga marufuku nguo za kasi kwa watoto wa miaka 12 kwenda chini katika mashindano yake. Wazazi walikuwa wakishindana wao kwa wao kupitia migongo ya watoto wa darasa la nne. Mimi ningeivuta marufuku hiyo hadi umri wowote, mahali popote ambapo matokeo yataandikwa kwenye orodha ya kaunti.

Mtu mzima wa Nyali anayeogelea kwa afya yake, anayejilipia, asiyemnyang'anya mtu nafasi? Avae apendavyo. Ikiwa kubanwa na kitambaa kunamfanya asilionee haya tumbo lake na aingie majini kila wiki, nguo hiyo imefanya kazi njema kuliko iliyoifanya Roma. Baharini, tena, haijalishi kabisa. Bamvua ya Mombasa hupandisha maji karibu mita nne, na mkondo unaoingia Kilindini maji yakijaa humbeba au humrudisha mtu bila kuuliza amevaa chapa gani. Mashindano ya baharini huhukumiwa kwa nani katangulia, na wakati wa leo haufanani na wa kesho hata kama mwogeleaji ni yuleyule.

Wapo watakaosema naogopa maendeleo. Nawajibu kwa deheni. Kabla ya mashindano, mabaharia wa pwani hii hukiegesha chombo maji yanapokupwa, hukwangua chini chaza na mwani, kisha huupaka ubao mafuta yaliyochanganywa na chokaa ili uwe laini, maji yasiung'ang'anie. Ni teknolojia ileile ya Roma: punguza msuguano. Wakati wa Maulidi ya Lamu, penye mashindano ya majahazi, ya punda na ya kuogelea, hujasikia mtu akilia kwamba chombo cha fulani kimedanganya kwa kupakwa deheni. Chokaa ilikuwa ya matumbawe ya hapahapa, mafuta ya wanyama wa hapahapa, na mwenye chombo kidogo aliweza kuipata sawa na tajiri. Kilichobaki kilikuwa ujuzi wa nahodha na kusi inavyovuma. Siku nguo ya kasi itakapopatikana Kongowea kwa bei ya leso mbili, nitaifuta nusu ya makala hii.

Kongowea, kwa kweli, huwa zinafika. Pitia kwenye meza za mitumba asubuhi marobota yanapofunguliwa, utaona katikati ya suruali za mazoezi nguo nyeusi ya kubana yenye jina la klabu ya mji usiowahi kuusikia. Muuzaji hajui ni nini. Atakwambia ni taiti ya baiskeli. Ichukue uivute kwa vidole viwili. Nguo hizi hupoteza mbano baada ya mashindano machache, na ndiyo maana mwenyewe kaitupa. Mtoto wa Kisauni atavaa umbo la kasi ambalo kasi yake ilibaki bwawani kwa watu. Hata hivyo nimeona vijana wakizivaa kwa fahari, na sina moyo wa kuwaambia wavue.

Narudi kwenye kile kifungu cha shingo na mikono. FINA walipoandika mwaka 2009 kwamba nguo isivuke bega wala isishuke chini ya goti, walikuwa wanapigana na poliyurethani. Walidhani eneo linalofunikwa na kasi ni kitu kimoja, kwa kuwa kwa LZR vilikuwa kitu kimoja. Lakini msichana wa Timbwani anayetaka kuogelea na mikono mirefu na suruali hadi kifundoni hatafuti kasi. Anabeba maji kwenye mikono ya nguo kila anaponyanyua mkono. Anawapa wenzake mwanzo wa sekunde kadhaa na anajua. Sheria iliyotengenezwa kumzuia Biedermann imemkamata yeye.

Jirani zetu wamelionyesha hili vizuri. Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje ulianza kuwafunza wasichana kuogelea kwa kuwapa mavazi ya kufunika mwili mzima, ya aina ya burkini ambayo Aheda Zanetti aliibuni Australia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Walikuwa mabinti wa kisiwa, wamezungukwa na bahari, na wengi hawakuwahi kuingia majini zaidi ya magoti. Picha alizowapiga Anna Boyiazis zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Kilichowaingiza majini ni nguo. Bila nguo ile mama zao wasingekubali, na pengine wao wenyewe wasingetaka.

Na kwetu jambo hili si la michezo peke yake. Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipozama karibu na gati, watu 272 walikufa. Katika mji unaovuka maji kila siku, sheria yoyote inayopunguza idadi ya wasichana wanaojua kuogelea inapaswa kuwa na sababu nzito sana, na usawa wa mashindano ya Jumamosi haufikii uzito huo.

Kofia ilipitia njia hiyohiyo. Mwaka 2021 FINA waliikataa Soul Cap, kofia kubwa iliyotengenezwa kwa nywele za watu weusi, kwa maelezo kwamba haifuati umbo la asili la kichwa. Kichwa cha nani, watu wakauliza. Ilichukua hadi Septemba 2022 kuikubali. Msichana yeyote wa Magongo aliyewahi kujaribu kuzibana rasta zake ndani ya kofia ya shule angeweza kuwapa jibu mchana mmoja.

Basi kama ningepewa kuandika kanuni za gala ya ng'ambo, ningezitenganisha sheria mbili zilizochanganywa mwaka 2009. Ya kwanza, nguo isifanye kazi ya mwili: isifumwe kubana misuli, isikatae maji, isipite bei ambayo kamati itakubaliana kila mwaka. Ya pili, nguo ifunike kiasi mwenye mwili anachotaka, kutoka chupi hadi kilemba. Bukta sawa, taiti sawa, burkini sawa. Anayetaka nyakati zake zihesabiwe katika mashindano ya kimataifa atavaa inavyotakiwa huko, na hilo ni deni tunalopaswa kuendelea kulidai kwa wakubwa.

Niliwasomea makochi wawili kanuni hizi. Wa kwanza aliuliza nani atakagua, maana maabara ya kupima upenyo wa kitambaa haiko Likoni. Nikasema kikombe cha maji kinatosha: mwogeleaji apite mezani na nguo yake mkononi, msimamizi adondoshe tone. Tone likinywewa, apite. Likiteleza na kuanguka, akatafute bukta.

Wa pili alicheka. Akasema nguo mpya yoyote ya kuogelea, hata ile ya bei rahisi ya dukani, hutelezesha maji ikiwa haijafuliwa, kwa hiyo nitawafukuza watoto ambao wazazi wao wamejinyima jana kuwanunulia.

Nimeongeza kifungu: nguo mpya ifuliwe mara mbili kabla ya gala. Sasa wanabishana kama kwa Omo au kwa sabuni ya kipande.